Umemwona Mkwe?

Wewe unayesoma hii, nina neno na wewe kwanza. Kwa nini unakwenda kupiga picha ya pasipoti siku ileile inayotakiwa? Unaingia studio ya watu unahema, nywele zimeshuka mpaka mashavuni, miwani ya jua iko kichwani, halafu ukiambiwa "Sogeza nywele, masikio yaonekane," unanuna kama umetukaniwa ukoo. Picha ikitoka unaishika kwa ncha za vidole na kusema, "Huyu si mimi." Ni wewe. Uso umekuja nao mwenyewe kutoka kwenu. Na yule mwanamke anayezikata picha zako kwa mkasi huku unamhimiza "dada fanya haraka," hata siku moja hujamuuliza ameamkaje. Basi leo kaa kwenye stuli, nyoosha mgongo, usikilize habari zake.

Mtaani wanamwita Dada Masikio, na sababu umeshaijua. Jina lake halisi liko kwenye leseni ya biashara iliyobandikwa nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi leseni inatazamana na ukuta, na mlango ukifungwa wateja wameshaondoka, kwa hiyo hakuna anayelisoma.

Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi baiskeli. Kuna stuli inayozunguka, ambayo watu wazima na heshima zao huizungusha wakidhani haoni. Ukutani kuna kitambaa cheupe anachokipiga pasi kila asubuhi, maana mkunjo mmoja nyuma ya kichwa cha mteja unatosha kumfanya aonekane ameota pembe. Kando ya kioo kuna chanuo lililofungwa kwa kamba, kwa sababu yaliyotangulia yaliondoka na wateja. Nyuma ya pazia ndiko anakoishi na mama yake.

Kazi hiyo imemharibu. Msibani anamtazama mfiwa analia, na kujikuta anawaza kwamba kidevu kingeshuka kidogo tu ingekuwa sawa. Ukikutana naye barabarani anakushika bega, anakusogeza taratibu mpaka jua likae vizuri usoni mwako, ndipo anakusalimia.

Jioni anafunga. Anavua viatu vya dukani, anavaa raba zilizotoboka kidole gumba, anaitia kamera shingoni.

"Mama, natoka kidogo."

"Vilimani?"

"Vilimani."

"Haya."

Mtaa wao haumaliziki kwa mbwembwe. Unapita kinyozi, unapita duka la magodoro, unapita tangi la maji na nyumba ya mwisho yenye nguo za watoto kwenye kamba, kisha barabara inakuwa njia, njia inakuwa kijia, na kijia kinaingia kwenye majani na kupotea. Vilima vinaanzia hapo.

Havina makuu vilima vile. Havina mwamba wa kutisha wala pango lenye hadithi. Vimelala tu, kimoja nyuma ya kingine, kama ndugu waliolala kitanda kimoja, kila mmoja amevutia shuka upande wake. Mvua ikishapita, shuka lenyewe linatoa maua. Hakuna aliyeyapanda. Kuna ya njano, madogo kama vifungo vya shati la mtoto. Kuna ya zambarau yanayokaa kwa makundi, ukipita karibu unahisi umekatisha mazungumzo. Kuna meupe yenye shingo nyembamba, na upepo ambao wewe bado hujausikia, yenyewe yameshausikia. Na jua likianza kushuka, mwanga hautoki juu tena. Unakuja kwa ubavu, chini chini, unapita katikati ya majani kama maji yanavyopita kwenye vidole, na kila ua linawaka kwa ndani kana kwamba limemeza mshumaa.

Hapo Dada Masikio husahau. Husahau nini, hata yeye ukimuuliza hajui. Anapiga magoti, na mtaa unabaki chini huko umefifia. Nyundo ya fundi baiskeli inamfikia ikiwa ndogo, imechoka, kama kitu anachokikumbuka mtu mwingine. Mawingu yanabadili rangi bila kumwomba mtu ruhusa. Kilima cha mbali kinakuwa cha bluu, cha karibu kinakuwa cha dhahabu, na yeye yuko katikati hapo, hana rangi, hana jina, hana mteja. Siku nyingine anakaa na kamera mapajani bila kupiga chochote, na akija kushtuka, umande umeshaingia kwenye sketi.

Lakini kazi haimwachi kabisa. Hubeba kipande cha kadibodi nyeupe mfukoni, anakisimamisha nyuma ya ua, anajilaza tumbo, halafu anaanza.

"Tulia. Shingo juu. Usilegee. Wewe wa pembeni unamziba mwenzio, sogea."

Siku moja mwanamke aliyekuwa akishuka na mzigo wa kuni alimsikia akibembeleza, "Nitazame basi, mara moja tu, tumalize," akageuka na mzigo wake, akatafuta njia nyingine.

Sasa, kulikuwa na ua la aina moja lililomkera. Rangi yake chai iliyochujuka, limeinamisha kichwa karibu liguse udongo, limejikunja kama mwavuli wa mtu aliyefika nyumbani. Limejaa kila mahali na linajipenyeza kwenye kila picha. Kwa mtu ambaye riziki yake ni kuonyesha nyuso, ua lisilo na uso ni matusi. Alikuwa akilisukuma kando kwa kidole, na likizidi kero analikalia kabisa, anaendelea na wateja wanaojua kukaa.

Jua likigusa ukingo wa kilima cha mwisho, anafunika lenzi. Mwanga umekwisha, kazi imekwisha. Anashuka.

Nyumbani anamkuta mama yake kwenye kiti cha dirisha la nyuma, dirisha linalotazama vilima. Mama alikuwa fundi wa sare za shule, miaka yote kichwa kimezama kwenye cherehani. Kabla ya hapo, alipokuwa msichana, alikata majani ya ng'ombe hukohuko vilimani na wasichana wenzake. Siku hizi magoti yamegoma na macho yameingia ukungu. Vilima anaviona kama kitambaa cha kijani kilichoanikwa mbali.

Jioni moja, mvua za mwanzo zikiwa zimekwisha kupita, alisikia hatua za mwanaye, akageuza kichwa na kuuliza:

"Umemwona mkwe?"

Dada Masikio alidhani amesikia vibaya. Kesho yake mama akauliza tena, neno kwa neno. Hapo moyo ukamlipuka. Kwa sababu mkwe wa mama huyu ni mmoja tu, na duka lake la magodoro ni lilelile nililokutajia, lililo njiani kwenda vilimani.

Nikueleze. Dada Masikio aliwahi kuolewa na muuza magodoro. Hakuwa mtu wa kupiga wala kulewa. Alikuwa mtu wa maneno. Angeweza kumuuzia godoro mtu aliyekuja kuuliza njia. Siku moja mkewe alikwenda kwenye msiba wa ndugu, aliporudi akakuta kamera yake ya kwanza haipo kabatini. Imeuzwa.

"Si ilikuwa imekaa tu?" mume alisema, akitabasamu lile tabasamu lake la dukani.

Kamera ile alinunuliwa na mama yake, aliyeshona sare za shule nzima ili aipate. Dada Masikio hakupiga kelele. Alikunja nguo zake kwenye sanduku, akarudi kwao. Watu wakasema walivyosema. Kamera? Mwanaume mzima unamwacha kwa ajili ya kamera? Mama yake peke yake hakusema kitu. Alisogeza cherehani kupisha kitanda, basi.

Na kimya hicho ndicho kilichomkaa kooni miaka yote hii. Alitaka siku moja mama aseme, ulifanya vyema kurudi. Au aseme, ulikosea. Chochote, ili ajue amesimama wapi. Sasa mama amefungua mdomo, na kilichotoka ni hicho: umemwona mkwe?

"Nimempita," alijibu, akiitundika kamera.

"Bado kainamisha kichwa?"

Akakumbuka. Kweli, mtu yule alikuwa kainamia simu yake. "Ndiyo. Kainama."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemjua vizuri anayesemwa. "Haya zake zile. Mzuri yule, basi tu haya."

Haya! Muuza magodoro! Mtu aliyehutubia kwenye harusi yake mwenyewe mpaka msema chochote wa sherehe akaenda kutafuta kiti!

Siku nyingine mama alimvuta mkono akae. "Ungemsubiri kidogo, mwanangu. Huwa anainua uso watu wakishaondoka."

"Mama, mimi nilisubiri vya kutosha."

"Hukusubiri. Umeondoka mapema, kama kawaida yako."

Dada Masikio alikwenda jikoni akaosha sahani zilizokuwa safi.

Akaanza kupita njia ndefu, nyuma ya tangi, asilione lile duka. Vilimani maua yalimtazama, yeye akawa hayaoni. Mwanga uliteremka ukamimina asali kwenye kila jani, na yeye amekaa katikati anajibishana kimoyomoyo na mama yake. Kama ungejua, mama. Kama ungejua nilivyosubiri. Akipiga picha tano, tano zote zimetikisika.

Mwishowe akaamua kulimaliza. Mama alipouliza, akajibu kwa sauti ya kusoma taarifa: "Mama, mkwe yuko dukani kwake, mzima kabisa, anauza."

Mama akageuka. "Siku hizi anauzwa dukani?"

"Hauzwi, mama. Anauza. Magodoro."

Mama alifikiri sana. "Wanamtia kwenye magodoro?" akauliza kwa huruma. "Kwani ni laini kiasi hicho?"

Dada Masikio aliganda. Akamtazama mama yake, uso ule ulioanza kuwa mdogo, mikono iliyotulia mapajani kama imesahauliwa hapo. Akili zinaondoka, akawaza. Mama anaondoka taratibu, na katika yote anayoweza kuyashika, ameng'ang'ania mtu yule.

Alimwita kaka yake mdogo. Huyu ni msoma mita za maji, anaingia nyumba za watu wote na anatoka na habari za wote. Alisikiliza huku amechuchumaa mlangoni mwa studio, anatafuna kijiti.

"Dada, mtu mzima akiwa anamtaja mtu kila siku, aitiwe. Utajisikiaje akiondoka hajamwona?"

"Yaani nimpigie simu yule? Mimi?"

"Sijasema umrudie. Aje, anywe chai, aondoke."

"Yule akikalia kiti hatoki."

"Mkalishe kwenye stuli yako. Akizidi maneno tunamzungusha."

Hakucheka. Alifikiri siku kadhaa, kisha jioni moja akaipeleka simu vilimani, kama vile huko neno la aibu lingekuwa jepesi zaidi. Alikaa kwenye majani. Jua lilikuwa limefikia ile rangi isiyo na jina, si nyekundu wala si njano, na vilima vilikuwa vinapumua polepole chini yake. Akatafuta namba ambayo hakuwahi kuifuta. Nitamwita, akajiambia. Kama hicho ndicho mama anachokitaka, nitameza.

"Nilijua tu utapiga," sauti ya upande wa pili ikasema.

Akafumba macho. "Mama anakuulizia. Njoo Jumamosi," akakata. Alipofumbua, mwanga ulikuwa unavuliwa kutoka kilima hadi kilima, kama mtu anayekusanya nguo kwenye kamba. Akafunika lenzi, akashuka. Hakuwa amepiga hata picha moja.

Jumamosi alasiri muuza magodoro akaja na koti lake la mikutano, harufu ya sponji mpya, na mto wa zawadi ndani ya nailoni. Alikuwa anatabasamu tangu barabarani. Kaka mtu alimpisha, akasimama pembeni ya mlango. Dada Masikio alikuwa anamimina chai.

"Shikamoo, mama yangu!"

"Marahaba." Mama akainua kichwa, akasikiliza. "Sauti hii naijua. Kuna mtu kaagiza godoro?"

"Mama, ni mimi! Mkweo! Nimeambiwa unaniulizia kila siku."

"Umeambiwa na nani?"

Muuza magodoro akamtazama Dada Masikio. Dada Masikio akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama darini kama vile mita iko huko.

"Mimi nikuulizie wewe?" Mama alishika mikono ya kiti, akanyooka. "Wewe uliyeuza kamera ya mwanangu? Nimeshona kola mpaka vidole vikawa havihisi sindano, ndipo nikaipata ile kamera. Nikuulizie kwa lipi?"

"Mama, yale si yalishapita..."

"Yalikupita wewe. Mwanangu alirudi hapa na sanduku, sikumuuliza swali, maana alikuwa amefanya sawasawa na hakuna cha kuuliza. Nikanyamaza. Nilijua nikifungua mdomo nitavua kiatu nikufuate nacho dukani, na mimi mtu mzima, nitaonekanaje?"

Chai ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kutafuta mguu wa meza. Dada Masikio alikuwa bado anamimina. Sawasawa. Kasema sawasawa. Kalisema mbele ya mwenyewe, bila kuombwa, kama mtu anayetaja siku ya juma.

Kaka ndiye aliyepata sauti. "Sasa mama, huyu mkwe unayemuulizia kila siku ni nani?"

"Mkwe!" mama alijibu, akishangaa swali. "Lile ua. Si dada yako anakwenda kupiga picha za maua? Namuuliza kama amemwona mkwe, ananiambia yuko dukani anauza magodoro. Nikasema basi, mtoto wangu upweke umemchanganya, nisimbishie."

Kaka akateleza ukutani mpaka chini, amejishika mbavu. Dada Masikio aliweka birika, akacheka, akajikuta analia, akawa hajui aache kipi. Na Kiswahili chetu nacho kina lawama zake. "Kainama," "ana haya," "anainua uso": mwanamume ni hivyohivyo, mwanamke hivyohivyo, na ua likishapewa jina la mtu, hivyohivyo.

Muuza magodoro alisimama katikati ya chumba na mto wake. Alitafuta maneno kila mfuko. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa nayo. "Basi mimi... nitakuja siku nyingine," akasema, akielekea mlangoni.

"Siku nyingine usije," mama akasema. "Ila mto uache. Shingo inanisumbua."

Akauacha.

Alipoondoka, mama akaeleza, na sauti yake ilikuwa imerudi nyuma mno, imekwenda kukaa na wasichana wenzake. "Tulipokuwa tunakata majani, lilikuwepo ua moja, rangi ya chai, mchana kutwa kichwa chini. Tukasema huyu kaolewa juzi, yuko ukweni. Baba mkwe ni jua. Jua likiwa linatazama, hathubutu kuinua uso. Tukawa tunamwita Mkwe. Tukimaliza kukata tunakaa juu ya mizigo yetu tunamngoja. Nyumbani tutagombezwa, lakini hatuondoki. Baba mkwe akishaingia ndani, ndipo anainuka."

"Rangi ya chai?" Dada Masikio aliuliza, taratibu. "Limejikunja kama mwavuli?"

"Huyohuyo."

"Mama, mimi huwa nalikalia."

"Unamkalia Mkwe!"

"Halina uso, mama!"

"Lina uso. Wewe ndiye unayeondoka mapema. Utamjua saa ngapi?"

Dada Masikio hakungoja chai yake. Alichukua kamera, akapita njia ya kawaida, mbele kabisa ya duka la magodoro, na hakugeuza shingo. Alipofika juu, mwanga ulikuwa umeshalala ubavu. Akajilaza kwenye majani karibu na kundi la vile viua vilivyoinama. Kadibodi aliiacha mfukoni.

Jua liligusa ukingo wa kilima cha mwisho. Mkono wake, peke yake, ukaenda kwenye kifuniko cha lenzi. Akaurudisha.

Jua likazama nusu, likazama lote. Yale ya njano yakazimika moja moja, ya zambarau yakawa meusi, meupe yakakunja shingo. Vilima vikapoteza kingo, vikaingiana, na huwezi kusema tena hiki kinaishia wapi na kile kinaanzia wapi. Mbingu ilibaki na weupe mwembamba upande mmoja, kama mlango ambao haujafungwa vizuri. Kukawa kimya. Hata upepo ulikuwa unatembea kwa vidole.

Halafu shingo moja ikatetemeka.

Hakuna lililoharakisha. Ua liliinuka kama mtu anayenyanyua kichwa kutoka kwenye mto asiwaamshe wengine, likasita, likainuka tena. Mwavuli ukalegea. Ndani hakukuwa na rangi ya chai hata chembe. Kulikuwa na weupe wenye njano hafifu katikati, kama dirisha la nyumba ambayo kuna mtu yuko macho. La pili likafuata, na la pembeni yake. Dada Masikio akainua macho, akaona kwamba mteremko wote, na ule mwingine, na wa nyuma yake, mahali pote alipokuwa akipita kwa kuudhika, palikuwa panainua uso. Hakuwaambia shingo juu. Hakuwaambia kitu. Alilala katikati yao, ametazamwa pande zote, na hakujua kama ni yeye anayeelea au ni kilima.

Alikumbuka kamera akiwa karibu kuchelewa. Flashi hakuiwasha, ingekuwa sawa na kumwita baba mkwe arudi. Alibana pumzi, akaegemeza viwiko kwenye udongo, akabonyeza. Kamera ikafungua jicho, ikalikawiza, ikalifumba. Upepo nao ukachagua sekunde hiyohiyo.

Aliporudi, mama alikuwa bado dirishani. Dada Masikio alichuchumaa, akamsogezea kioo cha kamera karibu na macho.

"Imetikisika, mama. Mteja angenirudishia usoni." Na kweli ilikuwa imeharibika kwa kipimo chochote cha kazi yake. Hakukuwa na petali wala ukingo. Giza tu, na ndani yake mamia ya vitone vya mwanga, vimevutika kidogo upande mmoja, kama vinageuka kusikiliza.

Mama aliishika kwa mikono miwili. Alikaa nayo muda.

"Hii naiona," akasema.

"Unaiona?"

"Zile nyingine unazonionyesha zina makali, sipati kitu. Nilikuwa nakubali tu nisikuvunje moyo. Hii naiona vizuri. Wako wengi. Hata sisi walikuwa wengi hivihivi." Akapitisha kidole juu ya kioo, na kukiacha na alama, na mwanaye hakuifuta.

"Mama. Uliposema sikusubiri, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani, nimeshajua." Mama hakutoa macho kwenye picha. "Ua linasubiriwa, mwanangu. Mtu kashauza kamera yako, unamsubiri afanye nini tena, auze na stuli? Ulirudi nyumbani. Ulifanya vyema. Sasa nisogezee huo mto, hivi kweli ni laini?"

Picha hiyo sasa iko kwenye kabati la kioo mbele ya studio, imechapwa kubwa, katikati ya safu za nyuso kavu zenye masikio yote mawili. Wateja wanasimama, wanaikodolea macho.

"Dada, hapa nani katikisika?"

"Mkwe."

"Mkwe wa nani?"

Anakwambia ukae kwenye stuli, na ukikaa vizuri atakuhadithia.

Nami nina ombi. Huko kwenu, kama lipo ua linaloinama mchana kutwa na kuinuka jua likishazama, mtafute mtu aliyewahi kukata majani mahali hapo, umuulize walikuwa wanaliitaje, uniandikie hapa chini. La kwenye vitabu usinitumie. Nitumie lile walilolitunga wenyewe, wamekaa juu ya mizigo yao, wanangoja.